Vipara kwenye uwanja wa nyasi: jinsi ya kuvitibu mpaka vifunike

Hapa kwangu Bombo, Uganda, kati ya mlango wa jikoni na mti wa fenesi, palikuwa na kipara cha ukubwa wa mkeka wa kulalia. Nilikirushia mbegu mara mbili. Mara ya kwanza nilizimwaga tu juu ya udongo mkavu, na kuku wa jirani wakala wakashiba. Mara ya pili nilichokoachokoa kwa reki, nikamwagilia wiki mbili, zikatoka nyuzi chache za kijani zilizokauka kabla hazijafika urefu wa kidole. Kijana anayenifyekea uwanja aliniangalia akasema, "Mzee, hapa kuna kitu chini." Mara ya tatu nikachukua jembe. Pigo la kwanza tu likalia kama limegonga jiwe. Chini ya sentimita sita za udongo kulikuwa na bamba la zege, bapa, gumu, pale pale mafundi waliojenga vyumba vya nyuma walipokuwa wakikorogea saruji. Walipomaliza walifukia, wakapokea pesa yao, wakaenda.

Kwa hiyo mbegu zitasubiri kidogo. Tuanze na jembe, na kabla ya jembe, macho.

Nyasi zimekufa kwa nini?

Umbo la kipara husema mengi. Kipara chembamba kirefu ni njia: watu wanakatiza hapo kutoka getini kwenda jikoni, na wataendelea kukatiza hata ukipanda dhahabu. Hapo usihangaike. Panga mawe bapa au pevazi (matofali ya kupanga ardhini) kwa mwendo wa hatua ya mtu, nyasi ziote katikati.

Kipara cha duara kidogo, katikati pamekauka na pembeni nyasi ni za kijani kilichokolea kuliko kwingine, ni mkojo wa mbwa. Mkojo una naitrojeni nyingi: katikati huunguza, pembeni palipopata kidogo hugeuka mbolea. Mwaga nusu jerikeni ya maji hapo kuosha udongo, ngoja siku chache, kisha upande.

Kipara chini ya mwembe, fenesi au parachichi ni cha kivuli, na mara nyingi mizizi ya mti inanyonya maji yote. Hesabu saa za jua. Pakipata chini ya saa nne kwa siku, nyasi nyingi hazitadumu. Punguza matawi ya chini kwanza. Ikishindikana, kubali kuweka kitu kingine hapo, hata benchi.

Kipara kwenye mwinuko mdogo mara nyingi ni cha fyekeo. Mfyekaji anapozungusha slasha, ardhi iliyoinuka hunyolewa hadi mizizini kila mara. Dawa yake ni kushusha mwinuko kwa jembe, siyo mbegu. Kinyume chake ni bonde dogo ambamo maji hutuama baada ya kila mvua: mizizi hukosa hewa na kuoza. Lijaze udongo au lichimbie mfereji.

Kuna madoa ya mafuta. Jenereta lililovuja, gari bovu lililoegeshwa miezi, au yule anayejaza petroli kwenye mashine ya kukatia akiwa amesimama juu ya nyasi zenyewe. Udongo ulioloa dizeli unanuka hata baada ya wiki nyingi. Hakuna cha kuchanganya wala kuosha: chimba sentimita 15 hadi 20, uondoe wote, weka mwingine.

Halafu moto. Kwetu msiba ukitokea watu hukesha nje, na moto huwashwa mbele ya nyumba usiku kucha, pengine siku tatu nne. Tulipomzika baba, duara jeusi lilibaki hapo kwa zaidi ya mwaka, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuligusa. Nilipolichimba nilikuta udongo umeokwa ukawa kama tofali bichi, maji yanateleza juu yake badala ya kuingia. Majivu nayo yakiwa mengi hupunguza asidi ya udongo kupita kiasi. Ondoa majivu na mkaa wote, bomoa ile ganda ya juu kina cha kiganja, changanya na mboji. Vivyo hivyo kwa mahali palipopikiwa chakula cha harusi au cha kwanjula (sherehe ya utambulisho wa wachumba) kwa mafiga.

Turubai na viti vya sherehe ni jambo jingine. Nyasi zilizofunikwa siku mbili tatu hugeuka manjano na mtu anadhani zimekufa. Usichimbe. Mwagilia, zuia watu wasipite, ngoja wiki tatu. Paspalamu na ukoka huwa na mashina yanayotambaa ardhini, na mengi yatachipua yenyewe. Nimeona mtu akilipa vibarua kung'oa uwanja ambao ungepona bure.

Mchwa pia hufanya vipara, hasa kiangazi cha Desemba hadi Februari nyasi zinapokauka. Ukiona vijifereji vya udongo juu ya nyasi zilizokufa, ni wao. Wanapenda kilichokauka, kwa hiyo uwanja unaopata maji kidogo kiangazi huwavutia kidogo. Kama kichuguu kipo pembezoni, mimi ningekiacha, maana mvua zikianza watoto watapata enswa, yaani kumbikumbi. Kichuguu kilichosawazishwa katikati ya uwanja ndicho tatizo: udongo wake ni mfinyanzi mgumu, ndiyo sababu watu huufyatulia matofali, na nyasi hazipati pa kupenya. Uondoe angalau kina cha sentimita 15.

Kama bado hujui, fanya majaribio mawili. Siku moja baada ya mvua chukua spoku ya baiskeli au msumari wa inchi sita, usukume ardhini kwa kidole gumba, kwanza penye nyasi nzuri, kisha kwenye kipara. Ukizama kule na huku ukagoma, udongo umeshindiliwa au kuna kitu chini. La pili: chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakishanywea lijaze tena. Ikiwa baada ya saa nne maji ya mara ya pili bado yamo, tatizo lako ni maji kutotoka.

Udongo mwekundu wa huku kwetu mara nyingi una asidi. Kwa kipara kimoja haina haja ya maabara. Lakini kama uwanja mzima unadhoofika, kituo cha utafiti cha Kawanda, kwenye barabara hii hii ya Kampala hadi Bombo, hupima udongo, na Chuo Kikuu cha Makerere pia. Chota udongo wa kina cha sentimita 15 kutoka sehemu kumi hivi, uchanganye kwenye ndoo safi, upeleke nusu kilo.

Upande lini

Kampala, Entebbe, Jinja, Masaka, Luweero na huku pembeni ya Ziwa Viktoria kwa jumla, mvua ni mbili: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Kaskazini, Gulu, Lira, Arua, msimu ni mmoja mrefu, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba au Novemba, wenye kupungua kidogo katikati.

Usipande mvua ya kwanza inapodondoka. Mvua ya kwanza hudanganya: inanyesha siku mbili, inapotea wiki mbili, na mbegu zilizokwisha kuvimba zinakufa. Ngoja mvua tatu za uhakika. Lakini usichelewe hadi katikati ya Aprili au Novemba, zile mvua za radi zinazosomba kila kitu hadi mtaroni. Kwetu huku dirisha zuri ni nusu ya pili ya Machi na nusu ya pili ya Septemba. Kaskazini ningechagua Mei au Agosti.

Kazi ya kuchimba na kusafisha ifanye kabla, kiangazi kikielekea ukingoni. Jua la wiki mbili juu ya udongo uliochimbuliwa huua mizizi mingi ya magugu bila gharama.

Mbegu au vipando?

Hapa nitasema wazi: kwa kipara cha nyumbani Uganda, mara nyingi vipando hushinda mbegu. Vipando ni vipande vya shina la nyasi zenyewe, na unavyo tayari nyuma ya nyumba au kwa jirani. Havina tatizo la kuota, havichukuliwi na ndege, na kubwa zaidi, vinafanana na nyasi zilizopo. Ukipanda aina nyingine utapata uwanja wenye kiraka cha kitenge kwenye kanzu.

Kwa hiyo zitambue nyasi zako. Paspalamu ndiyo iliyojaa kwenye viwanja vya Kampala: jani pana kiasi, shina nene linalotambaa juu ya udongo kama kamba yenye vifundo, na ua lake lina mikono miwili iliyopanuka kama herufi V. Inavumilia kukanyagwa, udongo mbaya na kiangazi. Ukoka ni mwembamba, na ua lake lina vidole vinne au vitano kama mguu wa kuku. Unataka jua tupu na kivulini unakufa. Ile inayoitwa kapeti ina majani mapana, mafupi, yenye ncha butu, na huvumilia kivuli kuliko zote hizi. Kikuyu ni laini, imejaa kama sponji, na inapenda baridi. Ukiwa Kabale, Kisoro au Kapchorwa itakufurahisha, lakini kwenye joto itakudai maji.

Lumbugu usiipande kwa bahati mbaya. Kwa juu inafanana na nyasi nyembamba nzuri, lakini chini ina mizizi myeupe migumu kama waya inayosafiri kwenda kwenye bustani yako ya mboga. Wakulima wanaijua, waulize.

Mbegu zina nafasi yake pale eneo linapokuwa kubwa, au huna pa kuchukua vipando. Zinunue kwenye duka la pembejeo linaloaminika na usome tarehe kwenye pakiti. Tahadhari na zile pakiti nzuri ambazo shemeji wa Ulaya hukuletea zawadi: nyingi ni aina za nchi baridi. Zitaota ndani ya wiki moja, kijani cha kupendeza, utapiga picha, na joto la Januari litazimaliza. Kabale huko juu labda.

Mbegu za paspalamu unaweza kukusanya mwenyewe. Acha kona moja bila kufyekwa hadi mikono ya V igeuke kahawia na mbegu zipukutike ukipitisha vidole. Zikaushe kivulini na uzihifadhi miezi michache kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu mbichi nyingi huwa bado zimelala. Zina ganda gumu, kwa hiyo ziloweke usiku kucha kabla ya kupanda.

Mbegu yoyote ile ipime kwanza. Hesabu mbegu 50, zipange juu ya karatasi ya chooni yenye unyevu, kunja, tia kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), weka mahali penye joto jikoni. Ukoka uhesabu baada ya wiki mbili, paspalamu baada ya nne. Zikiota 40 uko vizuri. Zikiota 20, utahitaji karibu maradufu ya kiasi. Zikiota tano, rudisha dukani ugombane nao.

Kutayarisha kipara

Kipime kwanza. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja, inatosha. Kisha kwa panga kali kata ukingo wa kipara, ukiingia sentimita 10 ndani ya nyasi nzima, ili upate mstari ulionyooka. Nyasi za pembeni kabisa huwa zimeshaanza kudhoofika, na ukiziacha utaona mpaka wa kipara kwa miezi mingi.

Chimba kwa jembe la uma kina cha sentimita 15. Jembe la kawaida litakata mizizi ya lumbugu vipande vipande, na kila kipande chenye kifundo ni lumbugu mpya. Uma huichomoa nzima. Toa mawe, mifupa, vifuniko vya chupa, vipande vya kaveera. Kwenye viwanja vilivyojengwa karibuni utashangaa: mimi chini ya lile zege nilitoa pia nati na kijiko cha chai.

Ikiwa kuna zege au mabaki ya saruji, yatoke yote. Saruji haiishii kuzuia mizizi tu. Chokaa yake huendelea kuvuja ndani ya udongo na nyasi za pembeni zinakuwa na rangi ya manjano isiyoisha. Bamba langu lilihitaji nyundo kubwa na wilbaro nne.

Sasa udongo. Jerikeni moja ya lita 20 ya mboji iliyooza vizuri, ikisambazwa kwenye mita moja ya mraba, inatoa tabaka la sentimita 2. Hicho ndicho kiasi ninachotumia, nikichanganya na udongo wa pale pale. Samadi ya ng'ombe inafaa kama imeoza hadi haina harufu, ila mbichi huleta magugu. Mbolea ya kuku ni kali: ile inayotoka bandani pamoja na makapi ya kahawa iache ikae miezi mitatu ikimwagiwa maji na kugeuzwa, la sivyo itaunguza mizizi michanga.

Ukilazimika kununua udongo mweusi kwa tripu, usikubali gari limwage kabla hujaangalia. Mwingi huchimbwa kwenye vinamasi, jambo ambalo ni hasara kwa nchi, na tena ukikauka unapasuka. Panda juu ya gari, chota sehemu tano tofauti. Ukiona vijipunje vyeusi kama njugu ndogo vimeunganishwa na nyuzi, hiyo ni ndago. Ndago ikishaingia kwenye uwanja wako utaishi nayo. Mwambie dereva ageuze.

Tia mbolea ya dukani kidogo wakati huu: NPK 17:17:17, gramu 25 kwa mita ya mraba. Huna mizani? Kizibo cha soda kilichojaa sawasawa hubeba takriban gramu 5, kwa hiyo vizibo vitano. Changanya na udongo wa juu. Usizidishe kwa kudhani zitaota haraka.

Sawazisha kwa reki, uache udongo umeinuka sentimita 1 au 2 juu ya nyasi za jirani, kwa sababu utashuka. Kisha ukanyage. Vua viatu vizito, tembea kwa visigino hatua fupifupi eneo lote, halafu pitisha reki tena kidogo juu. Watu wengi huruka hatua hii wakiogopa kushindilia, lakini udongo uliojaa hewa hushuka ovyo baada ya mvua na kuacha mashimo. Ukiweka mguu sasa na alama ikabaki ya kina cha nusu sentimita tu, ni sawa.

Kupanda vipando

Chimbua nyasi asubuhi au siku ya mawingu. Chagua sehemu yenye afya, isiyo na magugu, isiyoonekana na wageni. Nyuma ya tangi ni pazuri. Kung'uta udongo, kata mashina vipande vyenye vifundo vitatu au vinne. Kifundo ni pale jani linapotokea, na ndipo mizizi itakapotokea. Viweke kwenye gunia lililoloa, kivulini. Vipande vilivyoachwa juani saa mbili vimekufa hata kama bado vina rangi ya kijani. Panda siku hiyo hiyo.

Chora mistari kwa ncha ya jembe, kina cha sentimita 4 hadi 5, mbali sentimita 15. Laza kila kipande kwa mshazari: vifundo viwili ndani ya udongo, ncha yenye majani nje. Acha sentimita 15 kati ya kipande na kipande, utatumia kama 45 kwa mita ya mraba. Ukitaka pafunike haraka, panda kwa sentimita 10, lakini hapo ni 100 na mgongo utakukumbusha. Bana udongo kwa vidole kila kipande. Jaribu kuvuta jani moja: likikatika mkononi na kipande kikabaki, umebana vizuri. Kikitoka chote, rudia.

Kwa kipara kidogo, cha ukubwa wa sinia, fanya rahisi zaidi: kata bonge la nyasi pamoja na udongo wake kutoka nyuma ya nyumba, lipachike, likanyage, mwagilia. Umemaliza. Shimo la nyuma lijaze udongo, litajifunika.

Kupanda mbegu

Ukoka: gramu 8 hivi kwa mita ya mraba, takriban vijiko viwili vya chai. Mbegu zake ni ndogo mno, na kila mtu humwaga nyingi. Zikiota zimebanana kama unywele, hunyang'anyana maji na kuoza. Paspalamu ni kubwa na huota kwa uvivu: gramu 30 hadi 40, kama kiganja kimoja kilichojaa.

Changanya mbegu na mchanga mkavu mara nne ya ujazo wake, ili mkono uone unachomwaga. Gawa mafungu mawili. La kwanza limwage ukitembea upande mmoja, la pili ukikatiza. Pitisha mgongo wa reki kwa wepesi. Ukoka usizame zaidi ya nusu sentimita, paspalamu sentimita moja. Weka ubao, usimame juu yake, uusogeze, usimame tena, mpaka eneo lote limekandamizwa. Mbegu isiyogusana na udongo haioti.

Tandaza nyasi kavu nyembamba juu, zisizo na mbegu, kiasi kwamba ukisimama bado unaona nusu ya udongo. Zikiwa nene huzuia jua na kukaribisha mchwa.

Na kuku. Hakuna mazungumzo na kuku. Nilimwendea jirani yangu, afande mstaafu, nikamweleza kwa adabu. "Jambo Afande, hawa kuku wako…" Akacheka. "Wale hawana amri, Mzee. Hata mimi hawanisikii." Tangu siku hiyo natumia matawi ya bugenvilia yenye miiba, yaliyolazwa juu ya kipara hadi mbegu ziote, na yanafukuza hata mbwa na watoto wa mpira. Wavu wa uzio uliozeeka nao unafaa, ukiubana kwa vigingi pembeni.

Maji

Siku za mwanzo udongo wa juu usikauke hata siku moja. Mwaga kidogo kidogo, lita 3 kwa mita ya mraba, asubuhi na jioni, na adhuhuri kama jua ni kali. Siku ya mvua acha. Usitumie mpira wa maji kwa nguvu wala kumwaga jerikeni moja kwa moja, utasomba mbegu zote pembeni. Toboa kifuniko cha jerikeni matundu kumi na msumari mwembamba, kinatosha kabisa.

Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo usiyamwage hapo. Baadhi ya vipara huanza hivyo hivyo, karibu na kamba ya nguo.

Ukoka utaanza kuonekana kati ya siku ya 7 na ya 14, paspalamu kati ya ya 14 na ya 28, kwa hiyo usikifukue kipara kwa wasiwasi siku ya kumi. Vipando hugeuka kahawia wiki ya kwanza, jambo linalotisha watu wengi. Chunguza kifundo: kikiwa na ncha nyeupe au ya kijani, kiko hai.

Zikishika, badilisha mtindo. Mwagilia mara chache lakini kwa kina, jumla ya jerikeni moja ya lita 20 kwa mita ya mraba kwa wiki, ukitoa kiasi kilicholetwa na mvua. Maji ya juujuu kila siku hufanya mizizi ibaki juujuu, na kiangazi kikija haina pa kukimbilia. Kiangazi cha kwanza usikisahau kipara kwa kuwa tu kimekuwa cha kijani. Mizizi yake bado ni mifupi kuliko ya jirani zake.

Kufyeka na palizi

Ngoja zifike sentimita 8 au 9, uzikate zibaki 6. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Mara ya kwanza na ya pili tumia mkasi wa bustani au slasha iliyonolewa siku hiyo, kwa mkono mwepesi: slasha butu huzing'oa badala ya kuzikata. Mashine za kubeba begani ziache hadi ukivuta nyasi kwa mkono zisitoke.

Magugu yang'oe kwa vidole, mapema, udongo ukiwa na unyevu. Dawa za kuua magugu ya majani mapana usizipige mpaka nyasi mpya zimeshakatwa mara tatu au nne, maana zikiwa changa huungua nazo.

Wiki ya sita, ukiona rangi imefifia, rushia yuria (mbolea ya naitrojeni) gramu 10 kwa mita ya mraba, nyasi zikiwa kavu, kisha mwagilia papo hapo hadi chembe zote ziyeyuke. Yuria ikilala juu ya jani huacha madoa ya kuungua, na utaanza kipara kingine.

Kwa vipando, mvua ikiwa nzuri, wiki 6 hadi 10 panafunika. Palipobaki wazi, usichimbe tena: chukua shina linalotambaa kutoka pembeni, lielekeze hapo, libane kwa udongo juu ya kifundo. Litafanya kazi lenyewe.

Kile kipara cha jikoni nilikipanda vipando vya paspalamu mwishoni mwa Machi. Mwisho wa Mei sikuweza kuonyesha ukingo wake. Mwaka uliofuata walikuja mafundi wengine kupiga lipu ukuta wa nyuma. Kabla hawajafungua mfuko wa kwanza wa saruji niliwatolea bati kuukuu, nikalilaza kwenye changarawe kando ya geti, nikakaa hapo na kikombe cha chai mpaka nilipoona wanakorogea juu yake.